Jeshi la Sayari Nyingine Haliaminiki? Anza Kuangalia Jikoni

Msimu wa karafuu uliopita nilikuwa Wete kwa jamaa zangu, kijana wa nyumba ya jirani akaniletea daftari. Alikuwa ameandika hadithi ya kisayansi kuhusu viumbe wa sayari ya mbali aliowaita Wadhoruba. Wadhoruba wamezaliwa kupigana. Wanalala na silaha, mtoto anapewa kisu kabla hajapewa jina, na ndani ya miaka mia moja wametoka kwenye mikuki wakateka sayari kumi na mbili. Lugha yake tamu, mapigano yake yanakwenda mbio. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na dukuduku: "Mwalimu, kila ninayemsomea ananiambia hadithi nzuri ila haimwingii akilini. Tatizo liko wapi?"

Nilimwomba daftari nilale nalo. Swali hilo nimelipokea mara nyingi kutoka kwa vijana wa Unguja na Pemba wanaoandika hadithi za aina hii, na hunifurahisha kila nikilisikia, kwa sababu anayeuliza hivyo anaheshimu akili ya msomaji wake. Namna ya kulijibu nimejifunza kwa mafundi wa mashine za boti. Fundi mzuri hasemi tu "mashine mbovu". Anasikiliza: inakohoa, inatoa moshi mweupe, inazima ikishapata moto. Kila dalili inampeleka mahali pake. Hadithi nayo ndivyo ilivyo. Nitaeleza dalili ninazozikuta mara nyingi, zinakotoka, na la kufanya. Zote, kwa maoni yangu, zina mzizi mmoja: mwandishi ameuchukua ukali akaufanya chanzo cha nguvu. Watu wakali wamejaa duniani tangu zamani. Waliopanda wakawa dola ni wachache, na ukiwafuatilia utakuta walipandishwa na chakula, vyombo na adui aliyewafundisha bila kutaka.

Dalili: kila mtu ni askari

Hii ndiyo iliyokuwamo kwenye daftari la Wete. Kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa arobaini hakuna mkulima, mvuvi, mpishi wala fundi.

Asubuhi yake tulikaa barazani. Mbele yetu yametandikwa majamvi manne ya karafuu za siku mbili, zimeanza kuwa hudhurungi, harufu imejaa njia nzima. Kijana ananieleza habari za jemadari wa Wadhoruba, mara tone likanidondokea mkononi. Hakumaliza sentensi. Mama yake katoka jikoni kajifunga kanga kiunoni, dada zake wawili wameshika pembe za jamvi la kwanza, mtoto aliyetumwa dukani kageuza njiani karudi mbio, na yeye mwenyewe kaniwekea daftari mapajani karuka. Mvua iliposhuka sawasawa, karafuu zote zilikuwa zimeshaanuliwa ziko ukumbini, na kila mtu anahema.

Aliporudi kukaa nikamwuliza, "Mwanangu, jemadari wako angepita sasa hivi kuwaita hawa vitani, wangemfuata?"

"Leo, mwalimu? Na karafuu ziko nje?" Akacheka. "Hata babu asingetoka."

"Na Wadhoruba, nani anawaanulia karafuu zao?"

Akanyamaza, akachukua kalamu.

Chanzo cha dalili hii ni kudhani kwamba jamii ya vita ni jamii ya wapiganaji watupu. Wasparta wa Ugiriki ya kale hutajwa sana kwa mfano huu, na ukiwaangalia vizuri unakutana na jiko. Msparta kamili hakulima. Alilishwa na wahiloti, watu waliofungwa kwenye mashamba, ambao waliwazidi mabwana zao kwa mbali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu za jeshi lile iliishia nyumbani, kuwachunga wanaoleta chakula. Idadi ya Wasparta wenyewe nayo ikawa inapungua. Mwaka 480 KK raia wapiganaji walitajwa kuwa 8,000. Kwenye vita vya Leuktra, mwaka 371 KK, walikuwepo 700 tu, wakafa 400, na Sparta haikurudi tena kuwa dola kubwa. Jamii inayomruhusu mpiganaji tu kuwa raia hupungua kwa kila vita, hata vile inavyoshinda, maana hakuna mlango wa kuingilia watu wapya.

Wangoni walifanya kinyume. Walivuka mto Zambezi Novemba 1835 chini ya Zwangendaba, na alipofariki miaka ya 1840 walikuwa wamefika Ufipa. Hawakuwa wengi walipoanza. Walikua njiani: vijana waliotekwa waliingizwa kwenye vikosi vya rika, wakapewa ngao na mikuki, wakawa Wangoni. Chakula walikichukua kwa waliowakuta, na ghala za jirani zikiisha ilibidi wasonge mbele. Hilo ni jeshi linaloaminika kabisa, na lina bei yake. Baada ya vizazi viwili wengi wa wapiganaji ni watoto wa waliotekwa, na wake waliowaoa wanawalea watoto kwa lugha nyingine.

Tiba ni kuchagua. Viumbe wako wanalishwa na watumwa, kwa hiyo wanaogopa kwenda mbali na nyumbani? Wanalishwa na mateka waliogeuzwa ndugu, kwa hiyo kizazi cha tatu kinauliza "sisi ni nani hasa"? Wanapigana miezi minne kisha wanarudi kuvuna, kwa hiyo adui anajua mwezi wa kuwavamia? Majibu haya yanazaa hadithi tatu tofauti. Usipochagua, msomaji ataona sinia tupu mezani.

Na usisahau kwamba wanaolisha wana kumbukumbu. Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, yapo magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Nimekwenda pale zaidi ya mara moja. Masimulizi ya Pemba hayamkumbuki sana kwa vita alivyoshinda. Yanamkumbuka kwa watu aliowabebesha mawe huku wakijikokota kwa makalio. Karne tano hivi zimepita na mtoto wa skuli anaweza kukusimulia. Ukitaka kumwonesha msomaji dola ya vita ilivyokuwa, muweke bibi mmoja wa sayari iliyotekwa awasimulie wajukuu zake kilichofanywa na mgongo wa baba yake.

Dalili: wamepanda haraka mno

Msomaji anasema, "Juzi walikuwa na mikuki, leo wana merikebu za nyota." Waandishi wengi huitibu kwa kuongeza miaka: badala ya mia wanaandika elfu. Haisaidii, kwa sababu ubovu hauko kwenye kalenda.

Kupanda haraka kunawezekana, na historia ya maji yetu wenyewe inaonesha hivyo. Wareno waliishika Muscat tangu 1507. Mwaka 1650 Waomani wakawatoa, na pamoja na mji wakapata merikebu za Kireno zilizokuwa bandarini. Miaka miwili baadaye walishafika kuwapiga Wareno hapa Unguja. Machi 1696 wakaizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, na Desemba 1698 ikaanguka. Chini ya miaka 50 tangu Muscat! Lakini tazama walichokuwa nacho kabla ya siku ya kwanza. Walikuwa mabaharia wa kusi na kaskazi kwa karne nyingi. Walikuwa na biashara, na wenyeji wa mwambao waliochoshwa na Wareno wakawa wanawaita waje. Na Wareno waliwakalia zaidi ya miaka mia na arobaini, muda wa kutosha kujifunza namna merikebu yenye mizinga inavyofanya kazi. Imamu Seif bin Sultan, ambaye Mombasa ilianguka wakati wake, anakumbukwa kwao pia kwa kupanda mitende na kufufua mifereji ya maji. Yaani jiko tena.

Wajapani nao. Mwaka 1853 merikebu za Marekani ziliingia kwao na hawakuwa na cha kuzijibu. Mwaka 1868 serikali mpya ikashika hatamu. Mwaka 1905 walilimaliza kundi la meli za Warusi huko Tsushima. Miaka 37. Lakini manowari iliyoongoza siku ile, Mikasa, iliundwa Uingereza, na fedha zao zilitoka kwenye kodi ya ardhi, hariri iliyouzwa nje na mikopo ya mabenki ya ng'ambo. Kabla ya yote hayo walikuwa na watu wengi waliojua kusoma, na serikali iliyozoea kukusanya kodi mpaka vijijini.

Basi ukiambiwa viumbe wako wamepanda haraka mno, acha miaka kama ilivyo na utafute mambo matatu. Walikuwa na ujuzi gani kabla, ambao ulikuwa unafanya kazi nyingine? Nani aliwaletea chombo wasichokijua, kwa kuwauzia au kwa kuwatawala? Na fedha zilitoka wapi? Kijana wa Wete alipofika hapa aliona mwenyewe kwamba Wadhoruba wanahitaji bwana wa zamani, taifa lililowatawala na kuwatumia kama wapakuzi wa mizigo kwenye vituo vya anga. Wapakuzi wanajua kila mlango wa merikebu. Siku ya kuasi hawahitaji kuvumbua kitu.

Hapo ndipo hadithi yake ilipoanza kupumua.

Dalili: mwili wao haulingani na silaha zao

Wako waandishi wanaopenda viumbe wa majini, hasa mfano wa pweza, nami nawaelewa. Ukitoka pwani maji yakiwa yamekupwa kwenye bamvua, ukamwona mama na mchokoo wake amesimama juu ya jabali anasubiri, na pweza chini anabadilisha rangi kuwa jiwe mbele ya macho yako, utaamini kwamba akili ya namna nyingine ipo. Pweza ana mioyo mitatu na chembe za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa kwenye mikono yake.

Ila ana mikosi miwili inayomzuia kujenga dola. Kwanza, anaishi mwaka mmoja au miwili, na mama hufa mayai yakishaanguliwa. Hakuna anayemfundisha mtoto. Kila pweza anaanza elimu upya, na jeshi ni elimu inayorithishwa: namna ya kupanga safu, kutunza silaha, kumkumbuka adui. Pili, chini ya maji hakuna moto. Bila moto huyeyushi shaba wala chuma. Hata juu ya ardhi, oksijeni ikishuka chini ya asilimia 16 hivi ya hewa moto wa kawaida unazimika, kwa hiyo sayari yenye hewa nyepesi ya oksijeni nayo inaweza kuwa na viumbe wenye akili wasio na hata kisu cha chuma.

Unaweza kuvitibu vyote viwili. Wape maisha marefu, au wape walezi, mfano wazee wasiozaa wanaofundisha vizazi vyote. Kuhusu moto, wape majabali yanayochomoza maji yakipwa, mahali wanapoweza kufanya kazi ya uhunzi kwa saa sita kabla maji hayajajaa. Hebu fikiria jamii ambayo karakana yake yote inazama mara mbili kwa siku! Hiyo ni hadithi ningeisoma usiku kucha.

Wengine wanawapa viumbe wao sayari nzito ili wawe na misuli ya kutisha. Hapo kuna mtego. Kutoka duniani petu chombo kinahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Roketi ya Saturn V iliyopeleka watu Mwezini ilikuwa na uzito wa takriban tani 3,000 ikiwa chini, na uzito ulioweza kuelekezwa Mwezini ni tani 45 hivi. Yaani tani 65 hivi kwa kila tani moja. Sasa ipe sayari mvuto unaodai mwendo mara mbili ya huo. Hesabu ya roketi haizidishi mafuta mara mbili, inazidisha 65 kwa 65, na unapata zaidi ya tani 4,000 kwa kila tani moja. Viumbe wa sayari nzito wenye roketi za kuchoma mafuta ndio wa mwisho kutoka nje, hata wawe na vifua vya chuma. Mpaka wapate njia nyingine ya kupaa, ni wafungwa.

Dalili: dola inakwenda kama kijiji kimoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hadithi nyingi zinapoharibika na ndipo sisi watu wa visiwani tuna la kuwafundisha wengine.

Kwenye daftari, mfalme wa Wadhoruba anapiga kelele kwenye kiti chake, na sayari ya kumi na mbili inatii papo hapo. Umbali umefutwa. Msomaji hajui kwa nini hajaridhika, lakini kuna kitu ndani yake kinajua.

Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka 4.24 ya mwendo wa mwanga. Chombo cha Voyager 1 kilichorushwa mwaka 1977 kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali kama ule ungekichukua zaidi ya miaka 70,000. Amri inayotumwa kwa mwanga inafika baada ya miaka minne na ushee, na jibu linarudi baada ya minane. Mtoto aliyezaliwa siku ya amri yuko darasa la pili jibu linapofika.

Babu zetu waliishi ndani ya hesabu ya namna hii. Majahazi yalishuka kutoka Arabuni kwa kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, yakarudi kwa kusi. Barua ya mfalme wa Muscat ilifuata upepo, na jibu lake nalo likangoja upepo wa pili. Ukikosa msimu umekosa mwaka. Matokeo yake ya kisiasa yako wazi. Mazrui walikuwa maliwali wa Mombasa kwa niaba ya Oman. Utawala wa ukoo wa Yaarubi ulipoanguka kule Oman na Ahmed bin Said wa ukoo wa Busaidi akachukua nchi miaka ya 1740, liwali wa Mombasa hakumtambua. Kwa nini amtambue? Ngome iko mikononi mwake, na mfalme yuko nyuma ya bahari ya msimu mmoja. Ikawachukua Busaidi mpaka 1837 kuirudisha Mombasa chini ya mkono wa Seyyid Said, na kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kuhamishia makao yake Unguja. Mfalme alilazimika kuifuata mali yake ilipo.

Dola ya anga isiyo na njia ya kupita mwendo wa mwanga itakuwa na maliwali kama hao, na watakaoipasua ni wapiganaji hodari zaidi, wale waliopelekwa mbali kwa sababu waliaminiwa. Ukiwa na ujasiri wa kuandika hivyo, kupanda kwa jeshi lako kunaaminika, maana anguko lake limo ndani tangu mwanzo.

Hata ukibaki ndani ya jua moja, kaskazi na kusi zipo. Kutoka hapa kwenda sayari ya Mirihi kwa njia ya kubana mafuta, dirisha hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi, na safari huchukua karibu miezi tisa. Jeshi linalokosa dirisha linakaa bandarini miaka miwili linakula akiba. Wape viumbe wako jina la msimu wao wa kuondokea, nyimbo zake, na aibu ya nahodha aliyechelewa. Mimi hujua mara moja mwandishi aliyewahi kungoja jahazi.

Kuna upande wa pili. Ukitoroka tatizo hili kwa kuwapa merikebu za kasi kubwa, umeingia jingine: chombo chenyewe kimekuwa bomu. Kilo moja ya kitu chochote, hata jiwe la kusagia, ikienda asilimia 10 ya mwendo wa mwanga ina nguvu ya mlipuko wa tani 100,000 hivi za baruti ya TNT. Bomu la Hiroshima lilikuwa tani 15,000 hivi. Sasa askari wako wenye uwezo huo wanashuka ardhini na mapanga kutafuta nini? Jibu linaweza kuwepo: wanataka mji mzima, wanataka mafundi wakiwa hai, au wana mkataba na mahasimu wao kwamba hakuna atakayerusha jiwe. Lolote utakalolichagua, liseme mapema. Msomaji mwerevu atauliza swali hili kabla ya sura ya tatu.

Dalili: wanauana wenyewe kutwa, na bado wanashinda

Hili ni fupi. Mwandishi anataka kuonesha ukali, kwa hiyo kila mkutano wa baraza unaishia kwa maiti. Jeshi la namna hiyo linakosa makamanda ndani ya mwaka.

Nenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa magogo ya migomba, na ukitazama kwa karibu ni kipigo cha kweli, mtu anatupiwa maneno ya mwaka mzima na anayarudisha kwa mgomba. Lakini silaha imechaguliwa isiue, siku ina mwanzo na mwisho, wanawake wanaimba, kisha watu wanakula pamoja. Ndivyo jamii yenye hasira inavyoishi bila kujimaliza. Wape viumbe wako mgomba wao.

Na kama unataka waumane kweli, waonje gharama. Waomani walipoingia vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1720, Wareno walirudi wakaishika tena Mombasa mwaka 1728. Hawakudumu, 1729 walitolewa, lakini ngome iliyopatikana kwa mzingiro wa karibu miaka mitatu ilipotea kwa ugomvi wa nyumbani.

Dalili: hawashindwi mpaka sura ya mwisho, kisha wanashindwa kwa muujiza

Ubovu huu una pande mbili, na waandishi wengi wanatazama mmoja tu.

Upande wa kwanza ni kutoshindwa kamwe. Seyyid Said alikuwa na merikebu zilizomfanya bwana wa bahari hii, na bado miaka ya 1840 watu wa Siyu, mji mdogo kwenye kisiwa cha Pate, chini ya Bwana Mataka, walilipiga jeshi lake na kamanda wake akauawa. Kabla ya hapo, kwenye vita vya Shela, Lamu, karibu mwaka 1812, inasimuliwa kwamba jeshi la Mazrui na Pate lilipogeuka kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Dola inayopanda hushindwa mahali padogo, na aghalabu na kitu ambacho mwenyeji wa pale anakijua tangu utotoni. Mpe adui mdogo ushindi mmoja wa namna hiyo mapema, na wakubwa wako watakuwa na ukubwa unaopimika.

Upande wa pili ni pengo la silaha. Mwandishi anawapa wavamizi elimu ya miaka elfu mbele yetu, kisha anatuandikia vita virefu vya kurasa mia mbili. Hapa Unguja tunajua vita vya namna hiyo vinachukua muda gani. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilifungua mizinga juu ya kasri aliyokuwamo Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani. Kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Hesabu inayotajwa zaidi ni dakika 38. Upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Merikebu ya sultani, Glasgow, ilizama bandarini, na milingoti yake ikabaki inaonekana juu ya maji kwa miaka mingi. Pengo kati ya pande zile lilikuwa la miongo michache tu. La miaka elfu moja lingechukua muda gani?

Kwa hiyo chagua. Ama punguza pengo, ama wafanye wapigane mahali ambapo pengo halina kazi. Wahehe wa Mkwawa walifanya hivyo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Waliwangoja Wajerumani kichakani mpaka wakawa karibu kiasi cha bunduki kukosa nafasi ya kufyatuka, wakaruka na mikuki, na kamanda Zelewski akafa pale pale. Ukiandika ushindi wa mnyonge, andika umbali wa mkono. Na usiishie hapo, kwa sababu Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 1894 wakaivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa. Ushindi wa kichakani ulinunua miaka mitatu. Ndani ya miaka mitatu hiyo Wahehe walifanya nini, na wangeweza kufanya nini zaidi? Hapo kuna riwaya nzima, na bado sijaona mtu akiiweka angani.

Kijana wa Wete amenitumia sura mpya ya kwanza kwa simu. Jemadari hayumo. Yumo karani wa ghala, mpakuzi wa zamani, anahesabu magunia ya samaki wakavu usiku wa kuamkia siku ya kuondoka. Yamepungua arobaini. Anajua nani ameyachukua, anajua watoto wake wana njaa, na alfajiri merikebu zikiondoka bila magunia yale hazitafika. Ameikatisha hapo. Nimempigia simu kumwambia anitumie sura ya pili hata kama haijanyooka.